Kurudi Kwenye Filamu: Uchambuzi wa Kubadili Mfumo wa Kamera katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Suala na mipaka yake

Mjadala wa wapiga picha kuhusu kuiacha kamera ya dijitali na kurudi kwenye kamera ya filamu huendeshwa mara nyingi kama suala la ladha, ambapo upande mmoja husifu ulaini wa picha ya mkanda na upande wa pili husifu ukali na wepesi wa picha ya dijitali. Kwa mpiga picha anayefanya kazi Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu, mjadala wa namna hiyo haufiki mbali, kwa sababu kamera ni kiungo kimoja tu cha mnyororo mrefu unaoanzia kwenye mkanda au kadi ya kumbukumbu, ukapitia kwenye umeme, maji, dawa, karatasi na nauli ya basi, ukaishia kwenye albamu, kabati au simu ambamo picha hukaa baada ya sherehe kwisha na wageni kutawanyika. Anayebadili kamera bila kuupima mnyororo wote huenda akajikuta ana chombo kizuri kisicho na pa kusafishia, au ana maelfu ya picha zisizo na pa kulala.

Mfumo wa kamera, kwa maana inayotumika hapa, ni jumla ya vitu vinavyotegemeana: mwili wa kamera, lenzi zinazoingia kwenye mwili huo, pete ya kufungia lenzi ambayo kila kampuni huitengeneza kwa umbo lake, flashi, betri, na mahali picha inapoandikwa, pawe ni filamu au ni kihisi, yaani kile kibamba cha kielektroniki kinachopokea mwanga. Kubadili mfumo ni kuhama kutoka jumla moja kwenda nyingine, na kurudi kwenye filamu ni aina mojawapo ya kuhama huko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba faida kubwa ya filamu kwa wilaya hizi mbili ni kuacha nyuma nakala asili inayoshikika mkononi, na kwamba faida hiyo inaweza kupatikana kwa sehemu kubwa bila kuacha dijitali, mradi mpiga picha, familia na halmashauri waamue kutunza picha kwa makusudi.

Picha ilivyofika na ilivyoondoka

Mbulu, ambako Wairaqw ndio wengi, na Hanang, iliyomegwa kutoka Mbulu mwaka 1969 na iliyo kitovu cha nchi ya Wabarabaig, kundi kubwa miongoni mwa Wadatoga, ziliingia katika historia ya picha kwa mikono ya wageni. Mjerumani Erich Obst alifika kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Yaeda Chini, mwaka 1911. Mwenzake Ludwig Kohl-Larsen akafanya safari za utafiti kuzunguka Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930, akikusanya ngano za Wahadzabe na mifupa ya kale. Baada ya vita vya pili vya dunia walifuata wamisionari na wataalamu wengine: Wanorwe wa Kilutheri walioanzisha Hospitali ya Haydom mwaka 1955, mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn aliyeanza kazi kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mmarekani George Klima, ambaye kitabu chake juu ya Wabarabaig kilitoka mwaka 1970. Enzi yao ilikuwa enzi ya filamu, na kawaida ya enzi hiyo ilikuwa kwamba negativu, yaani ule ukanda uliokwisha kusafishwa ambamo weupe huonekana mweusi na weusi huonekana mweupe, huondoka na mwenye kamera. Kwa hiyo kumbukumbu nyingi za macho kuhusu watu wa Yaeda Chini, wa Mama Isara na wa miteremko ya Mlima Hanang zimo katika makumbusho na kabati za Ulaya na Marekani, na wajukuu wa waliopigwa picha hizo wamebaki na masimulizi.

Upigaji picha wa wenyeji ulikuja kwa njia ya studio. Katika pwani desturi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu, kwani Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa huko mwaka 1930. Katika miji midogo ya bara mpiga picha alikuwa mtu mmoja mwenye kamera moja, pazia la nyuma na kitabu cha kuandikia majina. Mteja alilipa kwanza, akasubiri mkanda uishe, kisha akasubiri usafishwe, jambo ambalo kwa picha za rangi lilimaanisha safari ya mkanda hadi mji mkubwa wenye mashine. Utaratibu wa kusafisha negativu za rangi unaoitwa C-41, ulioanza mwaka 1972 na unaotumika hadi leo, hudai dawa ikae kwenye nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, na kosa dogo la joto hutosha kupotosha rangi. Ndiyo maana kazi hiyo ilikaa mijini, kwenye mashine zenye kujipima zenyewe.

Dijitali ilivunja safari hiyo ya mkanda. Mhandisi Steve Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1975, ikiwa na nukta 10,000 tu za picha na ikihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, lakini ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya teknolojia hiyo kumfikia mtu wa kawaida. Ilipofika, iliwaangusha hata walioizaa: Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012. Kwa studio ndogo za Tanzania mabadiliko yalikuja na pigo la pili, kwani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa hupiga picha ya mwombaji papo hapo wakati wa kumsajili, na simu ya mkononi imemgeuza kila mwanafamilia kuwa mpiga picha. Pasipoti saizi, ambayo ilikuwa ugali wa kila siku wa studio, ikabaki kitoweo cha msimu wa fomu za shule na maombi ya kazi.

Katika hali hiyo ndipo wito wa kurudi kwenye filamu ulipoanza kusikika duniani. Kodak ilirudisha sokoni filamu ya Ektachrome mwaka 2018, Leica ikaanza tena kutengeneza kamera yake ya M6 mwaka 2022, na Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, mwaka 2024. Wito huo umezaliwa katika nchi ambazo duka la filamu na maabara viko umbali wa kutembea kwa miguu au vinafikika kwa posta, na mtu wa Mbulu au Hanang anayeupokea lazima aupime kwa mizani ya kwake.

Hesabu ya pete na lenzi

Kabla ya kuingia kwenye filamu yenyewe, inafaa kulieleza jambo la kiufundi linalowagharimu wapiga picha wengi fedha bila sababu, nalo ni umbali kati ya pete ya kufungia lenzi na mahali picha inapoangukia. Kila mfumo una umbali wake usiobadilika. Kwa pete ya Nikon F, iliyoanza mwaka 1959, umbali huo ni milimita 46.5, kwa Canon EF, iliyoanza mwaka 1987, ni milimita 44, kwa Canon FD iliyotangulia EF ni milimita 42, na kwa kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake umbali umepungua sana, ukawa milimita 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony E na 16 kwa Nikon Z.

Namba hizo ndizo zinazoamua lenzi ipi ikae kwenye kamera ipi. Lenzi ya zamani ya Nikon iliyotengenezwa kwa milimita 46.5 ikitiwa kwenye kamera ya Sony ya milimita 18 itahitaji pete ya kuunganishia, yaani adapta, yenye unene wa milimita 28.5, ambayo ni bomba tupu la chuma lisilo na kioo, na picha itatoka kali kuanzia karibu hadi upeo wa macho. Lenzi ya Canon FD ikitiwa kwenye mwili wa Canon EF mambo huenda kinyume, kwa kuwa adapta ingepaswa kuwa na unene wa chini ya sifuri. Lenzi hiyo itaona vitu vya karibu tu, na Mlima Hanang ukipigwa kutoka Katesh utakuwa ukungu, isipokuwa kama kimeongezwa kioo cha kurekebisha ambacho nacho hupunguza ubora. Waliokuwa na lenzi za FD mwaka 1987 waliachwa na kampuni yao wenyewe, na kamera zisizo na kioo ndizo zilizowaokoa miaka mingi baadaye.

Somo la vitendo ni kwamba anayetaka kuhama mfumo na hana fedha nyingi anunue mwili mpya na kubaki na lenzi za zamani kwa muda. Lenzi ya milimita 50 iliyotoka kwenye kamera ya filamu, ikifungwa kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 24 kwa 36, ambacho ni kipimo kilekile cha fremu ya filamu, itaona pembe ileile iliyokuwa ikiiona zamani. Ikifungwa kwenye kihisi kidogo cha kamera nyingi za bei ya chini, itaona kama lenzi ya milimita 75 au 80, na katika chumba kidogo cha nyumba mpiga picha atajikuta ameegemea ukuta na bado babu na bibi hawaenei. Lenzi hizo hazijilengi zenyewe, kwa hiyo hufaa zaidi kwa picha za watu waliotulia, majengo na mandhari kuliko kwa maharusi wanaoingia ukumbini wakicheza.

Yale ambayo filamu hutoa

Hoja ya kwanza ya wanaorudi kwenye filamu ni nidhamu. Mkanda wa kawaida una picha 36, na kila picha ina gharama, hivyo mpiga picha hulazimika kuangalia kabla ya kubonyeza. Thamani ya kuangalia huko huonekana mtu anapofikiria mama wa Kibarabaig aliyevaa sketi yake ya ngozi yenye shanga, amesimama saa sita mchana kando ya Ziwa Balangida wakati maji yamekauka na chumvi imebaki nyeupe hadi macho yanauma. Kipima mwanga cha kamera yoyote, ya filamu au ya dijitali, hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona weupe wa chumvi kitapunguza mwanga, chumvi itatoka kijivu na uso wa mama utazama gizani. Mwenye filamu hawezi kutazama matokeo papo hapo, kwa hiyo husogea karibu, hupima mwanga wa ngozi ya uso wenyewe au huongeza mwanga kwa hatua moja na nusu hadi mbili kwa kujua anachokifanya, ambapo hatua moja ni kuuongeza maradufu. Ujuzi huo ukishaingia mkononi hautoki, hata mtu akirudi kwenye dijitali.

Hoja ya pili ni kujitegemea. Kamera za filamu za kimakanika, kama Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997 au Nikon FM2 iliyoanza mwaka 1982, hufungua na kufunga shata kwa springi, na betri ndogo iliyomo ni ya kipima mwanga tu. Betri ikifa, jua la kitropiki lenyewe hutosha kuwa kipimo, kwa kanuni ya kale isemayo kwamba kwenye jua kali tundu la lenzi liwekwe namba 16 na kasi ya shata ilingane na namba ya wepesi wa filamu. Kwa anayekaa wiki nzima Yaeda Chini au kwenye maboma ya mbali yasiyo na umeme, hilo ni jambo la maana.

Hoja ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni uasili. Negativu ni kitu kilichokuwepo mahali pale. Mwanga uliogusa uso wa mtu ndio uleule uliogusa chembe za chumvi ya madini ya fedha zilizomo kwenye filamu. Sheria ya Tanzania inakubali ushahidi wa kielektroniki, hasa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini mwenye kuutoa hupaswa kuonyesha namna taarifa ilivyotunzwa bila kuchezewa, na kazi hiyo inazidi kuwa ngumu katika zama hizi ambapo programu za kompyuta huweza kuunda uso wa mtu asiyekuwepo. Wilaya ya Hanang inajua uzito wa ushahidi. Mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 kwenye nyanda za Basotu, yalizua kesi za ardhi na malalamiko ya muda mrefu ya Wabarabaig, yakiwemo ya kulimwa kwa makaburi ya wazee wao waheshimiwa. Kaburi la mzee wa Kibarabaig ni kichuguu cha udongo kinachojengwa kwa heshima, na trekta likishapita hakuna alama inayobaki. Picha yenye tarehe, mahali na negativu yake ingekuwa shahidi asiyesahau.

Yale ambayo filamu hunyima

Kwa upande wa pili, haifai kuisifu filamu kana kwamba haikuwa na kasoro. Kwa miongo kadhaa rangi za filamu zilipimwa kwa ngozi ya Mzungu: maabara zililinganisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyozoeleka kwa jina la Shirley, na sura za watu weusi zikatoka zimezama, macho na meno pekee yakionekana. Maboresho ya maana yalikuja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Anayezitazama picha za rangi za zamani za ndugu zake na kuona nyuso hazisomeki, asidhani kosa lote lilikuwa la mpiga picha wa kijijini. Dijitali imeleta uwezo wa kurekebisha uso bila kuharibu mandhari, ingawa nayo ina ugonjwa wake wa programu za simu zinazong'arisha ngozi bila kuulizwa.

Gharama nayo ni ukuta mrefu. Harusi inayohitaji picha 400 ingehitaji mikanda 12, kila mmoja ununuliwe, usafirishwe, usafishwe na uchapwe, huku mteja akitarajia kuziona picha kwenye simu yake kabla hata ya sherehe kwisha. Mpiga picha wa harusi, kipaimara na mahafali anayeishi kwa kazi hiyo hawezi kuipeleka biashara yake yote kwenye filamu bila kuifunga. Filamu ya rangi pia huharibika kwa joto inapokaa dukani au kwenye gari lililoegeshwa juani, na mkanda mmoja uliochakaa hufuta siku ambayo haitarudi.

Chumba cha giza katika nyanda za juu

Picha nyeusi na nyeupe ni habari nyingine, na hapa Mbulu ina bahati ya hali ya hewa. Dawa za kusafishia filamu ya aina hiyo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20, joto ambalo katika miji ya pwani hupatikana kwa barafu, lakini katika nyanda za juu za Wairaqw, ambako watu huamka na blanketi mabegani, maji ya ndoo hukaribia kipimo hicho yenyewe, na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai huhitaji kuongezwa maji ya moto kidogo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Katika giza kamili, ambalo chumba kisicho na dirisha na blanketi mlangoni hutosha kulitoa usiku, mkanda hutolewa kwenye kopo lake na kuviringishwa kwa kupapasa kwenye roda ya plastiki, kisha roda hutiwa ndani ya tangi dogo lenye kifuniko kisichopitisha mwanga. Kuanzia hapo taa huwashwa. Dawa ya kwanza hugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa madini ya fedha meusi; humiminwa kiasi cha mililita 300, tangi likageuzwageuzwa taratibu kila dakika kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo ya dawa. Dawa ya pili, yenye ukali kama wa siki, huisimamisha kazi ya ile ya kwanza. Dawa ya tatu huondoa chembe zote ambazo hazikuguswa na mwanga, na bila hiyo picha ingesawijika jua likiiona. Mwisho ni kuosha, na hapa wengi huogopa kwamba maji mengi yatahitajika. Lakini kampuni ya Ilford inapendekeza njia ya kubana maji ambayo tangi hujazwa mara tatu tu, likapinduliwa mara 5, kisha 10, kisha 20, hivi kwamba mkanda mmoja huoshwa kwa maji yasiyofika lita moja. Kwa nyumba inayobebewa maji na punda, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi inawezekana. Maji ya visima vya Bonde la Ufa huwa na chumvichumvi zinazoacha madoa, kwa hiyo msuuzo wa mwisho ufanywe kwa maji ya mvua yaliyochujwa, na mkanda uanikwe kwa vibanio mahali pasipo na vumbi, ambalo kwa upande wa Katesh na upepo wake linataka uangalifu wa ziada.

Ipo hata njia ya kutengeneza dawa ya kwanza kwa vitu vya jikoni. Mwaka 1995 darasa la kemia ya picha katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji ikichanganywa na magadi ya kufulia husafisha filamu, na baadaye ikagundulika kwamba vitamini C huongeza nguvu ya mchanganyiko huo. Tanzania ina kahawa yake, na magadi si mgeni katika nchi ya maziwa ya chumvi. Hata hivyo, magadi yanayookotwa ziwani hayana usafi wa kipimo, kwa hiyo yajaribiwe kwanza kwenye kipande cha mkanda usio na thamani. Dawa ya tatu haina mbadala wa jikoni unaotegemeka na lazima inunuliwe. Ikishatumika hubeba madini ya fedha yanayodhuru viumbe wa majini, hivyo isimwagwe karibu na kisima wala mtoni, bali ikusanywe kwenye dumu lenye alama na kupelekwa kwa wenye uwezo wa kuyatenga madini hayo.

Mahali picha inapolala

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliteremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba nyingi. Dunia iliyaona maafa hayo kupitia picha za simu zilizosambaa saa hiyohiyo, na hakuna mkanda wa filamu ambao ungefanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Hata hivyo, nyumba inapoondoka na tope huondoka pia na albamu, bahasha za negativu, simu na kompyuta, na swali la mfumo upi ni bora hugeuka kuwa swali la picha ilikuwa imelala mahali pangapi.

Filamu iliyosafishwa vizuri na kukaa pakavu huweza kudumu miaka mia na kusomwa kwa macho matupu dhidi ya mwanga wa dirisha, bila programu wala nywila; lakini ipo moja tu. Faili la dijitali huweza kunakiliwa mara elfu bila kupungua, lakini kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga, diski hupata hitilafu, na simu huibwa mnadani pamoja na miaka mitano ya maisha ya familia. Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay anaielewa hali hii kuliko mtaalamu wa kamera: havuni akauza yote, hutenga punje bora za mbegu, na mwenye busara haweki mbegu yake yote ghala moja. Negativu ni mbegu na picha ya karatasi ni mavuno. Tatizo la wapiga picha wengi wa dijitali ni kwamba wamekula mbegu, wamebaki na nakala zilizobanwa na kupunguzwa ubora kila zilipopita kwenye WhatsApp.

Kutunza kunakwenda na ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta wajibu kwa wanaokusanya taarifa za watu, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Wahadzabe wa Yaeda Chini, ambao nyuso zao zimezunguka dunia katika majarida kwa zaidi ya karne moja, wana haki ya kuuliza picha inakwenda wapi na nakala ya nani inabaki kijijini. Filamu haimwondolei mtu wajibu huo, na dijitali inaurahisisha, kwa kuwa nakala yaweza kutolewa siku hiyohiyo.

Hukumu

Kwa ushahidi uliotangulia, mpiga picha anayeishi kwa harusi na mahafali katika Mbulu na Hanang abaki kwenye dijitali, ahame mfumo polepole kwa kuanza na mwili wa kamera na adapta kabla ya lenzi mpya, na fedha atakazookoa azielekeze kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti na kwenye karatasi nzuri ya kuchapia. Filamu ya rangi isiwe msingi wa biashara katika wilaya hizi. Filamu nyeusi na nyeupe, kwa upande wake, inastahili nafasi katika kazi ya kumbukumbu: sura za wazee, makaburi, nyumba za jadi za Wairaqw, mipaka ya malisho, na shughuli za shule au parokia yenye mwalimu aliye tayari kusimamia chumba cha giza. Kwa kazi hizo mikanda michache kwa mwaka hutosha, na kila mmoja utaacha kitu cha kurithiwa.

Wajibu mkubwa zaidi haudai kamera yoyote. Katika makasha ya bati, nyuma ya fremu na kwenye bahasha za studio zilizokwisha kufungwa, bado zimo negativu za miaka ya 1960 hadi 1990 ambazo hakuna aliyeziandika majina. Halmashauri, makanisa na shule za sekondari zina uwezo wa kuzikusanya, kuzipiga picha upya kwa simu dhidi ya karatasi nyeupe yenye mwanga, na kuziweka mahali pakavu. Kila mwenye bahasha ya namna hiyo aifungue wiki hii, amkalie karibu mzee wake, aandike kwa penseli nyuma ya kila picha jina, kijiji na mwaka. Filamu inaweza kusubiri miaka mia. Mzee anayezijua sura hizo hawezi.